Fundi Alisema "Subira", Mwenzangu Akarudi Nyuma

Msimamizi wa ukurasa, niwie radhi kwa kimya changu. Watakaonikumbuka ni wale niliowasahihisha kwenye maoni walipoandika "nimekua" wakimaanisha "nimekuwa". Nilinyamaza kwa sababu kazini kwangu kumetokea jambo lililoniondolea hata hamu ya kusahihisha. Naomba ufiche jina langu na la ofisi.

Nina umri wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Kasingirima hapa Kigoma. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kuvuka ziwa kwa wingi, nimekuwa nikisaidia katika ofisi ndogo inayorekodi sauti za watu waliopotezana na ndugu zao. Mtu huketi mbele ya kipaza sauti, akataja jina lake, kilima alikotoka, maana Burundi vijiji huitwa vilima, na anayemtafuta, nasi tukaipeleka sauti hiyo redioni na kambini. Baadhi ya waliorekodiwa wamekwisha kufa, na watoto wao hawana kingine cha kuwakumbuka.

Anayerekodi ni mama wa Kirundi, nitamwita Goreti. Anaishi mjini badala ya kambini kwa kibali alichopewa kwa ajili ya kazi hii. Akifukuzwa kazi, kibali kinakufa.

Kompyuta yetu iliharibika, ikaletwa nyingine, tupu. Hatukuogopa, kwani nakala za sauti zote zilikuwa kwenye diski ya nje. Fundi wa kampuni inayotuhudumia yuko Dar es Salaam. Kuna programu inayomwezesha kuitawala kompyuta yetu akiwa huko kwake. Unaifungua, inatoa namba, unamsomea fundi namba hiyo kwenye simu, kisha unaona kishale kikitembea chenyewe kwenye kioo kama kimepagawa. Mtandao ukikatika, anatoka. Ukiifungua tena, inatoa namba nyingine. Asubuhi ile nilimsomea namba mpaka koo likanikauka, naye akawa ananitania: "Mwalimu, leo unasoma vizuri, nitakupa vema."

Hatimaye mtandao ulishika. Akaanza kurudisha sauti kutoka kwenye diski. Ghafla kioo kikaganda, kikatokea kisanduku chenye swali. Goreti alikuwa ameshika kipanya, mimi nimeshika simu, sauti ya fundi ikisikika chumba kizima.

"Kuna kitu kinauliza," Goreti akasema. "Nifanyeje?"

"Subira, mama! Subira!" fundi akapaza sauti.

Goreti akabonyeza kurudi nyuma, akaanzisha kazi upya. Kumbe ukurasa wa nyuma ulikuwa umeelekezwa kinyume. Badala ya diski kuijaza kompyuta, kompyuta tupu ikaanza kuifananisha diski na utupu wake. Tulipochomoa waya, sauti zilikuwa zimefutika.

"Nimekwambia subira!" fundi akafoka. "Huelewi Kiswahili?"

"Si umesema subira?" Goreti akajibu. "Nimesubira!"

Ndugu wasomaji, katika Kirundi, na hata Kiha cha hapa kwetu, neno hilo maana yake ni rudi, au fanya tena. Muulizeni Muha yeyote wa mtaa wa Katubuka. Katika Kiswahili, "subira" ni jina la tabia ya mtu anayevumilia. Anayetaka mwenzake angoje husema "subiri". Goreti alitii neno alilolisikia, kama lilivyotamkwa.

Nililieleza hilo mbele ya mkuu wetu wa ofisi, kijana mwenye shahada. Akacheka kidogo. "Shikamoo yako iko palepale, mzee wangu, lakini hapa hatusahihishi insha. Data zimekwenda." Fundi naye, kwenye simu: "Mzee, irabu moja tu unaifanyia kesi?"

Ndiyo, irabu moja. Irabu hiyo ndiyo inayotaka kumrudisha mama wa watu kambini.

Sasa sikilizeni ninapokwama. Fundi anasema vilivyofutwa huenda vikaokolewa, mradi diski isiandikwe kitu kingine na ipelekwe kwake. Lakini kampuni yake haitaigusa mpaka tuandike taarifa kwamba kosa lilikuwa letu: kwamba mhudumu alielekezwa kwa lugha inayoeleweka, akakaidi. Mkuu ameshaiandika, na ikisainiwa Goreti atafukuzwa kazi. Inahitaji saini ya shahidi, na shahidi ni mimi peke yangu. Nimemwuliza kwa nini tusitafute fundi mwingine. Akasema mkataba hauruhusu, na diski ni mali ya mradi.

Kila siku watu wanakuja. Wiki hii alikuja binti kutoka kambini kuomba tumsikilizishe sauti ya marehemu mama yake. Mkuu akamwambia, "Mitambo iko kwenye matengenezo, njoo siku nyingine." Akaondoka akishukuru. Nilishindwa kumtazama.

Nilimweleza Goreti yote, nikidhani atalia. Alikuwa akikunja nyaya za kipaza sauti.

"Tia saini, Mwalimu."

"Nitie saini uongo?"

"Wale nimewarekodi mimi. Najua nani alikohoa wapi, nani alishindwa kumaliza jina la mtoto wake. Kambini nimeshakaa, napajua."

"Na kama diski ikishindikana? Utakuwa umekwenda bure."

Aliendelea kukunja nyaya.

Maisha yangu yote nimewachapa watoto kwa kuandika lisilo sahihi, na leo naambiwa nithibitishe kwa mkono wangu kwamba amri ile ilikuwa Kiswahili sahihi. Nikikataa, sauti za marehemu zitabaki zimefutika katika diski iliyo kwenye droo ya mkuu, na wenye kuzililia ni wengi. Nikikubali, nitakuwa nimemfukuza mji mtu aliyefanya alichoambiwa.

Wenye busara, hasa mnaozijua kazi hizi na mliowahi kupotezana na ndugu, niambieni: mngekuwa mimi mngetia saini? Msinionee haya kwa sababu ya umri. Mkuu anaitaka karatasi Jumatatu. Shauri nitakalolikata nitaliandika hapahapa, hata likiwa la kuniaibisha.