Hotuba Isiyorukika

Kinyaa kilinishika tangu yule mgombea udiwani aliponiwekea picha yake mezani, yeye na suti yake na meno nje, na kusema hiyo ndiyo ikae mbele ya diski.

Kazi yangu, katika chumba nyuma ya duka la simu Nakawa, ni kupanga video za arusi na misiba kwenye diski. Nakata vipande, natengeneza menyu, naweka vitufe ili mtu achague kwa rimoti anachotaka kutazama. Siku hizi wengi wanataka flashi tu. Msiba huu ulihitaji diski kwa ajili ya mama mmoja wa kambi ya polisi Nsambya, mwenye deki ya zamani ambayo hataki ibadilishwe. Mwanawe, askari, alizikwa kwao kaskazini. Mama miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kupanda basi, kwa hiyo hakumwona mtoto wake akizikwa.

Nilimpangia kwa moyo. Nyuma ya menyu niliweka picha ya marehemu akicheka, na kwaya ikiimba chinichini. Vitufe vitatu tu, vikubwa kwa sababu ya macho yake: Uso, Ibada, Kaburi. Cha kwanza nilikiwasha tayari, abonyeze mara moja amwone mwanawe.

Ndipo akaja huyu, ndugu wa marehemu, anayetafuta udiwani. Akatazama kazi yangu kama mtu aliyepewa chakula cha jana.

"Weka hotuba yangu mbele," akaniambia. "Na weka mtu hawezi kuruka."

Inawezekana. Unaifunga rimoti, na mtu akibonyeza kwenda mbele, kwenye kioo inatokea alama ndogo ya kukataa. Nilimkumbusha kwamba mtazamaji ni mama yake mzazi. Akasema ndiyo maana, mama ajue nani amebaki. Hotuba yenyewe niliijua, nilikuwa nimeikata mwenyewe: barabara, mitaro, taa za sokoni, na jina la marehemu mara moja, tena akalikosea. Nilikataa. Bosi wangu akasema mteja ni mteja, akakaa kwenye kompyuta akaifunga yeye, huku anakula chapati. Nilitoka nje nikatema mate.

Nikatumwa Nsambya kuhakikisha diski inacheza. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amevaa gauni safi la gomesi kama anakwenda kanisani. Kwa ajili ya mwanawe alikuwa amejipaka hata mafuta usoni. Ndugu mtu alikaa kando ya televisheni, na hotuba ilipoanza midomo yake ikaanza kwenda pamoja na ya kwenye kioo, neno kwa neno, anajifurahia. Sijawahi kuona kitu kichafu hivyo katika chumba kilichofagiliwa vizuri.

Mama alisubiri. Akabonyeza rimoti, alama ikakataa. Akabonyeza tena kwa vidole viwili. Akaniuliza kama betri imekufa, nikamwambia hapana, mama, imefungwa hivyo. Akatazama kioo muda mrefu, barabara zikiendelea kutengenezwa, kisha akanigeukia.

"Mtoto wangu, sasa nani alikufa? Ni huyu?"

Nikamtazama mwanawe aliyebaki, nikidhani hata yeye atashtuka.

"Mama, ngoja kidogo," akasema. "Bado sijamaliza."

Akanyoosha mkono kwenye televisheni, akaongeza sauti.