Milio Miwili ya Jumamosi

Lempi Harju hakulipa bei aliyotajiwa hata siku moja maishani mwake, isipokuwa mara moja, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Alinunua na kuuza majiko ya chuma yaliyokwisha tumika. Mgodi wa shaba wa Halla ulipofungwa na watu wakaanza kuhamia Detroit, yeye aliingia nyumba baada ya nyumba, akagonga jiko kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Hili limepasuka kwa ndani," na nusu ya bei ikaanguka palepale. Wakati mwingine lilikuwa limepasuka kweli. Kwa majiko hayo alijenga nyumba mjini, na ng'ambo ya ghuba, ufukweni mwa Ziwa Superior, akanunua kibanda cha magogo chenye sauna, chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, kwa bei ambayo muuzaji aliona haya kumtajia mkewe.

Kila Jumamosi mumewe, Eino, alitangulia kibandani kuwasha moto. Sauna ya kuni haina haraka. Mawe yanataka nusu ya mchana yashike joto. Basi walikuwa na mtindo wao, na si wao peke yao, Wafini wote wa pwani ile walikuwa nao: kubipu. Simu ikilia mara moja, nimefika salama. Ikilia mara mbili, mawe yameiva, njoo. Ikilia mara tatu, njia imefungwa, usije. Kupiga ng'ambo ya ghuba kulihesabiwa simu ya mbali, na simu ya mbali ilikuwa ghali, lakini isiyopokelewa haikutozwa kitu. Sharti lilikuwa moja tu: usinyanyue. Atakayenyanyua ameitia nyumba hasara.

Jumamosi moja ya Machi simu ililia mara mbili, ikakatika. Lempi akakunja taulo, akafunga nisu, mkate mtamu wa Kifini, kwenye kitambaa. Simu ikalia tena. Moja, mbili, tatu, ikaendelea. Akasimama mbele yake, koti mkononi.

"Leo hunipati, Eino," akaiambia simu huku anacheka. Wiki ile walikuwa wamebishana nani mbahili kumshinda mwenzake, na alidhani anategwa anyanyue.

Ililia mpaka ikachoka. Alipofika ng'ambo alimkuta Eino ameketi sakafuni chini ya simu ya ukutani, mgongo umeegemea magogo, mkono wa simu unaning'inia kwenye waya. Moyo, alisema daktari. Sauna ilikuwa imeiva barabara.

Habari ya ile milio mirefu hakumwambia mtu. Alizika, akatia kufuli kibandani, akarudi kwenye majiko yake. Simu ya kule hakuikatisha, maana kibanda chenye simu huuzika vizuri kuliko kisicho nayo.

Jumamosi iliyofuata mazishi, mchana, simu ya nyumbani ililia mara mbili, ikakatika.

Mtu amekosea namba, alijisemea. Pwani nzima inabipiana Jumamosi, mtu atakosaje kukosea? Jumamosi ya pili ikalia tena, na ya tatu, na kiangazi chote. Akaizoea kama mtu anavyozoea bomba linalovuja. Saa ile ikikaribia alitafuta kazi ya kufanya kwa mikono.

Ndipo kampuni ya simu ilipobadili namna ya kutoza. Simu sasa ilihesabiwa tangu mlio wa kwanza, ipokelewe isipokelewe, na kila simu ni dakika nzima, hata kama imelia mara moja. Walitoa taarifa nyuma ya ankara, kwa herufi za ukubwa wa mbegu ya haradali. Pwani ikawaka kwa hasira. Na kwa kuwa milio ilikuwa ikitozwa, ilibidi pia iorodheshwe.

Sylvi, dada yake Eino, alikuwa jikoni kwa Lempi siku ankara ilipofika. Alikuwa na mdomo usiojua kupumzika, na miwani yake ilikuwa imekwisha shuka puani.

"Wifi, nani yuko kibandani kwako?"

"Panya."

"Panya anapiga simu hapa kila Jumamosi?"

"Basi ni panya wa ukoo wenu. Anapiga, na anayelipa ni mimi."

Sylvi hakucheka. Alisukuma karatasi mezani. Kutoka namba ya kibandani, kuja namba ya nyumbani, Jumamosi, dakika moja. Jumamosi, dakika moja. Mpaka chini.

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Mmoja?"

"Mmoja. Wa pili ningeuchongesha wa nini?"

Walikwenda pamoja, asubuhi ya jua kali juu ya theluji. Njia ya kuingilia ilikuwa nyeupe, haina wayo wa mtu wala wa mnyama. Kufuli lilikuwa limeganda barafu, likabidi lipashwe moto kwa kiberiti. Ndani, mkono wa simu ulikuwa mahali pake, na jiko la sauna lilikuwa baridi kama kaburi.

"Ni mitambo yao," Sylvi akasema haraka haraka. "Mitambo imeharibika. Twende, Lempi, miguu inaniganda."

Lempi alikuwa ameinama. Macho yake yalikuwa kwenye ndoo ya mbao ya kumwagia mawe maji. Mfanyabiashara wa vitu vikuukuu anajua ndoo. Ndoo ya mbao isipotumika kwa muda wa miezi, mbao hukauka na kuachana, ukitia maji yanamwagika yote. Alichota theluji, akaiyeyusha juu ya kiberiti kingine na kingine kwenye kikombe cha bati, akamimina ndooni. Halikutoka hata tone. Mbao zilikuwa zimebanana kama za ndoo iliyotumika jana.

Aliiweka chini taratibu, pale pale alipoikuta. Wakatoka. Ndani ya gari Sylvi alizungumzia bei ya siagi mpaka mjini.

Kesi ilifunguliwa, moja, kwa niaba ya wateja wote. Sylvi alijiandikisha wa kwanza. Ilisota, mawakili wakavutana, mwishowe kampuni ikachoka ikaomba suluhu. Watu wakaitwa ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri kusikia masharti, kahawa bure, jambo lililomfanya Lempi awahi.

Wakili aliitwa Doyle, kijana wa mjini Marquette mwenye viatu visivyofaa theluji. Masharti yenyewe mepesi. Kila atakayeapa kwamba simu zake hazikupokelewa atarudishiwa pesa, na simu hizo zitafutwa, zitahesabiwa kama hazikupigwa kamwe. Na kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, mlio usiopokelewa utakuwa bure kama zamani.

"Swali," akasema Lempi. "Mpaka hiyo tarehe mosi, nikipokea au nisipokee, bei ni ileile?"

"Ileile, mama. Dakika moja."

"Kwa hiyo nimekuwa nikinunua dakika kila Jumamosi, na kuiacha dukani."

Watu wakacheka. Doyle naye akacheka. Lempi hakuwa anatania. Alirudi nyumbani jambo hilo limemkaa kooni kama mfupa. Miaka yote ile sababu ya kutonyanyua ilikuwa gharama. Gharama sasa imekwisha lipwa. Na imebaki Jumamosi moja kabla ya tarehe mosi.

Siku hiyo aliketi karibu na simu, mikono haina kazi. Jua lilikuwa bado dirishani. Simu ikalia. Mkono ulikataa. Ikalia tena, naye akanyanyua.

Hakuna aliyesema kitu. Lakini hakikuwa kimya cha waya mtupu. Kilikuwa kimya cha chumba. Kuni zilipasuka. Kisha maji yakamwagwa juu ya mawe, yakafoka, sauti ndefu ikapanda na kutulia polepole, na mtu akashusha pumzi kama ashushavyo mtu aliyekaa.

"Nilikusikia siku ile," Lempi akasema. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Nilidhani unanitega."

Pumzi ikasita. Ikaendelea.

"Mawe yameiva?"

Simu ikakatwa, dakika haijatimia. Eino naye hakuwa mtu wa kuzidisha. Lempi alipoushusha mkono wa simu aliona una unyevu, na sikio lake lilikuwa la moto kama la mtu aliyetoka kuoga.

Ukumbini, siku ya kuapa, Doyle alipitisha kalamu kwenye ankara yake.

"Hizi zote hazikupokelewa, mama?"

"Zote isipokuwa ya mwisho."

"Moja tu? Tuipitishe pamoja na nyingine. Hakuna atakayekagua."

"Iache. Hiyo haifutwi. Hiyo nalipa."

"Punguzo hutaki hata..."

"Kijana, nimesema nalipa. Kamili."

Nyuma yake Sylvi alisahau kahawa, ikamwagikia sketi. "Lempi Harju analipa kamili! Jamani, mwiteni mchungaji!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha Sylvi akamwona uso, akamsogelea sikioni. "Wifi, ulipokea? Nani alizungumza?"

"Nilizungumza mimi."

Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe mosi, milio ikiwa bure tena, Lempi alivaa koti mapema. Taulo ilikuwa imekunjwa, nisu imefungwa kitambaani, ufunguo wa kufuli umo kiganjani. Safari hii alikusudia kwenda. Ikilia mara mbili tu, atatoka, ataendesha, atafungua, na kitakachokuwa ndani kitakuwa.

Ikalia. Ikalia tena. Akageukia mlango, mkono kwenye kitasa.

Ikalia mara ya tatu, ikakatika.

Nje barabara ilikuwa kavu na jua linawaka, hakuna theluji mpya hata ya kujaza kijiko. Lakini milio ilikuwa mitatu: njia imefungwa, usije. Kisha akavua koti, akalitundika, akakata kipande cha mkate. Kiangazi kile aliuza kibanda pamoja na ndoo yake, na mnunuzi hakupunguziwa hata senti.