Majibu ya Maji

Kazi yangu ni kujibu barua pepe. Nimeajiriwa na kampuni inayopeleka watalii mbugani, ofisi yetu iko Themi, Arusha mjini, na kila asubuhi nikishaweka mkoba chini nafungua kompyuta nione walioniandikia wakiwa huko kwao. Mmoja anauliza kama atapata maziwa ya soya porini, namjibu. Mwingine anauliza kama tembo hukoroma, naye namjibu. Bosi wetu hataki jua lizame kabla mtu hajajibiwa. Nimeizoea kazi hii kiasi kwamba nilikuwa naamini kila penye anwani pana mtu ameketi nyuma yake, hata kama ni mvivu.

Kwetu ni juu ya Tengeru, ukipanda kuelekea mlimani, kwenye migomba na kahawa. Mama anaishi huko na mjukuu wake, binti wa dada yangu anayefanya kazi Dodoma. Juu kidogo ya nyumba kuna chemchemi, na maji yake ndiyo tuliyolelewa nayo sote. Ni maji baridi, meupe, hayana harufu. Ila meno yangu yana rangi ya kahawia. Nilipokwenda kusoma Morogoro, wenzangu bwenini hawakuhitaji kuniuliza natoka wapi. "Wa Arusha huyo, hebu cheka tukuone," walikuwa wakisema, na mimi nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Mpaka leo mkono huwa unapanda wenyewe.

Kwa hiyo siku walipokuja watu wa kupima maji nilifurahi kuliko mtu yeyote pale kijijini. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama. Walitoka kwenye taasisi moja ya mjini, wakiongozwa na mtaalamu mwanamke, mpole, mwenye buti za mvua. Walijaza chupa kwenye chemchemi yetu, wakajaza nyingine kwenye bomba la jirani yetu, ambalo maji yake yanatoka upande wa pili wa korongo, na nyingine mferejini. Mtaalamu akatueleza kwamba wanatafuta madini ya floraidi, ndiyo yanayoharibu meno, na yakizidi sana kwa miaka mingi hukakamaza hata mifupa.

"Majibu tutawatumia kwa barua pepe," alisema. "Nani hapa ana barua pepe?"

Wote wakanigeukia. Nikaandika anwani yangu kwa niaba ya nyumba zote, naye akanipa ya ofisi yao. Jirani alinipiga begani akasema, "Basi mwanangu, wewe ndiye masikio yetu."

Huyu jirani na mama ni marika. Walipata kipaimara siku moja, waliolewa mwaka mmoja, na kanisani walikuwa wakikaa benchi moja, la tatu kutoka mbele, tangu mimi nina akili. Mmoja akipika makande, bakuli linavuka uzio kwenda kwa mwenzake.

Nilisubiri. Nilipoona kimya kimezidi nikaandika, kwa adabu zote, nikieleza sisi ni akina nani na chupa zilichukuliwa wapi. Jibu lilikuja hapo hapo: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako umepokelewa na utashughulikiwa." Nikampigia mama simu nikamwambia wamejibu, wanashughulikia. Naye akaenda kumwambia jirani.

Baada ya wiki kadhaa niliandika tena. Maneno yaliyorudi yalikuwa yale yale, mpaka nukta. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni mashine iliyokuwa ikinishukuru. Nikatafuta anwani nyingine kwenye tovuti yao, ujumbe ukanirudia kwamba kisanduku kimejaa. Nikapiga simu ya ofisini, ikaita mpaka ikakatika. Nikaandika kwa Kiingereza, nikidhani labda Kiswahili ndicho kinachowachosha. Nikashukuriwa tena.

Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Kila nikienda ananifunulia mdomo nione pengo, na mimi naangalia ufizi kwa hofu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Sikuweza kukaa tu. Nikaanza kununua maji ya chupa mjini, katoni kwa katoni, nikimpa bodaboda ayapandishe kwa mama kwa ajili ya mtoto. Njia ya kufika kwetu inapita mbele ya geti la jirani.

Sikuliwaza hilo hata kidogo. Mama ndiye aliyenipigia Jumapili moja baada ya ibada.

"Leo mwenzangu amekaa upande wa kwaya," alisema.

"Labda alichelewa, mama."

"Hakuchelewa. Alinikuta, akaniangalia, akapita."

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Bakuli la makande likaacha kuvuka uzio. Mama hakutaka kuuliza, maana ana kiburi chake, na jirani hakutaka kusema. Mwisho wakakutana uso kwa uso sokoni Tengeru, kwenye mafungu ya viazi, na hapo jirani akayatoa ya moyoni. Mama alinisimulia neno kwa neno.

"Majibu mnayo," jirani alimwambia. "Mnayo siku nyingi. Mngekuwa hamjui mngemnunulia mtoto maji ya dukani? Mmeona maji ni mabaya mkaokoa wa kwenu, sisi wengine mkatuacha tunywe."

"Hatuna majibu," mama alisema. "Mwanangu ameandika mpaka amechoka."

"Ameandika! Mtu anayeongea na Wazungu kila siku kwa hiyo kompyuta, leo ashindwe kujibiwa na watu wa hapo mjini?"

Mama alisema watu walikuwa wameacha kununua viazi ili wasikilize. Alirudi nyumbani bila kununua alichofuata. Aliponisimulia sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza: "Mwanangu, kweli hawajakujibu?" Hilo liliniuma kuliko maneno ya sokoni. Yule jirani, kwa akili za kawaida, alikuwa amewaza sawasawa. Hata mimi ningewaza hivyo hivyo.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe. Taasisi yenyewe haikuwa mbali na ofisi yetu. Ningeweza kwenda kwa miguu siku ya kwanza kabisa, lakini haikunijia akilini, kwa sababu waliniambia barua pepe.

Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Nikamwambia sijui jina, nimefuatilia kwa barua pepe. Akanitazama kwa huruma. Mapokezi nilimkuta dada mmoja anasuka uzi wa kitambulisho chake uliokatika.

"Barua pepe ipi hiyo, dada?"

Nikamwonyesha kwenye simu.

"Hii?" Aliisoma kwa sauti, taratibu, kama jina la mtu aliyewahi kumsikia. "Hii sidhani kama kuna mtu anaifungua. Subiri nikuitie wa kompyuta."

Wa kompyuta alikuwa kaka mmoja mtulivu, mwenye miwani. Akanichukua mpaka mezani kwake. Alinieleza bila kujitetea kwamba anwani ile ilikuwa mikononi mwa afisa aliyehamishiwa mkoa mwingine. Alipoondoka, hakuna aliyeambiwa aichukue. Mtaalamu wa maji naye alikuwa masomoni. Nywila wanayo, tatizo ni kwamba haijawa kazi ya mtu.

"Lakini kuna kitu kinajibu," nilisema.

"Hicho tulikiweka sisi," alisema. "Ili watu wasijisikie vibaya."

Akaifungua mbele yangu. Ujumbe ulishuka kwenye kioo, mwingi, wote kwa herufi nzito, maana yake haujasomwa. Nikaona jina langu, chini kidogo nikaliona tena, na tena. Katikati ya majina yangu kulikuwa na watu wengine. Mwanafunzi anaomba nafasi ya mazoezi. Mtu wa bustani za mboga anauliza kama maji ya kisima chake yanafaa. Na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya upande wetu wa mlima, ambaye alikuwa ameandika kwa heshima na taadhima akiomba bomba la shule nalo lipimwe, kwa kuwa wazazi wanamuuliza. Namba yake ya simu aliiweka mwishoni.

"Mpigie," nilimwambia.

"Sasa hivi?"

"Mimi nasubiri."

Akapiga. Aliyepokea alisema mwalimu huyo alishastaafu, yeye ni mkewe, na kwamba habari za shule wamuulize aliye pale sasa. Kaka akashukuru, akakata. Kisha akaniomba nisubiri, akatoka. Aliporudi alikuwa na majibu yetu, yaliyotoka maabara siku nyingi na kuwekwa kabatini kwenye jalada la kijiji chetu, yakisubiri mtu wa kuyatuma.

Chemchemi yetu ilikuwa na floraidi kupita kiwango. Mfereji nao ulizidi, ila kwa kiasi kidogo. Bomba la jirani lilikuwa salama kabisa.

Nilimwambia kwamba maji ya chupa yakiisha, mama humchemshia mtoto ya chemchemi. Akatikisa kichwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, alisema, lakini madini yanabaki, na maji yakipungua sufuriani madini yanakuwa mengi zaidi kwa kila kikombe. Nikamuuliza kuhusu meno. Akampigia yule mtaalamu huko masomoni, akanipa simu niongee naye mwenyewe. Mtaalamu aliniomba radhi, kisha akanieleza ukweli: meno ya mbele yalishaumbika ndani ya ufizi tangu mtoto ana miaka michache, hayo yatatoka kama yatakavyotoka. Ya nyuma bado yanaumbika. "Mbadilishieni maji leo," alisema.

Sikurudi kazini. Nilipanda moja kwa moja mpaka nyumbani, na kwanza nikapita kwa jirani. Nilimkuta anaanika kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso.

"Majibu yametoka leo. Nimeyafuata kwa miguu."

Nikamsomea yote, ya kwake na ya kwetu. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya kahawa. Nilipomaliza aliniomba nirudie ya kwake, nikarudia.

"Kwa hiyo mabaya ni ya kwenu," alisema.

"Ni ya kwetu."

"Na mama yako bado anayanywa."

"Bado."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Nilidhani amemalizana na mimi. Akatoka na ndoo mbili, akazijaza bombani, moja akanikabidhi mimi, nyingine akajitwisha mwenyewe. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage, akatuona tukiingia tumetota mabega. Jirani alitua ndoo chini, akasema, "Haya, ya mtoto hayo. Na wewe pia unywe, usijifanye kijana." Mama akamwambia akae. Hakuna aliyeomba msamaha nikasikia, ila mama alipika chai kwa maji ya ile ndoo, na walikunywa birika lote.

Meno ya mtoto yalitoka yana mabaka meupe kama chaki na mstari wa njano. Yeye hajali. Anacheka mdomo wazi, na mimi sijamfundisha kuziba.

Siku ile ya chai, nilipowaambia habari ya mwalimu mkuu, wale kina mama wawili waliniuliza shule imejibiwa nini. Nikasema kaka wa kompyuta aliahidi kufuatilia. Walitazamana. Wiki hiyo hiyo, bila kuniambia, walikwenda shuleni wakajaza chupa bombani, wakavaa vitenge vya kanisani, wakashuka mjini. Mama alinipigia akiwa pale mapokezi.

"Wametuambia tuandike barua pepe," alisema.

"Mkasemaje?"

"Tukasema hatujui kuandika hiyo, tutakaa hapa mpaka aje anayejua. Tumekuja na ndizi zetu za kuchemsha, tunakula. Huyu dada wa hapa naye tumempa."

Kabla ofisi haijafungwa, mtu alishuka akaipokea ile chupa, akaandika jina la shule juu yake, akachukua namba ya simu ya jirani. Majibu yalikuja kwa simu, jirani akiwa shambani. Bomba la shule ni salama.