Narelle na Kilima cha Tangi

Narelle Tuckett alikuwa na mdomo. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana nilikaa naye katika mnara wa kuongozea ndege wa kambi ya jeshi la anga ya Burrandool kwa muda mrefu kuliko niliokaa na mke wangu wa kwanza. Kila asubuhi alipoingia na chai yake alitutangazia kwamba jeshi zima la Australia halina mtu wa kuchora njia za ndege kama yeye. Majigambo ningeyavumilia. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Rubani aliye ndani ya wingu haoni kitu. Anafuata vyombo vyake, na vyombo vinafuata njia ambayo mtu ameichora mezani: ingia hapa, pinda pale, shuka mpaka kiwango hiki, na kama ukifika hapo hujaona ardhi, panda juu uondoke. Hicho kiwango hakitoki hewani. Kinapangwa na kitu kirefu kuliko vyote kilicho chini ya njia, kiwe mti, mlingoti au kilima. Kwetu kilikuwa Kilima cha Tangi, kilichosimama kati ya mji na uwanja, na tangi la maji la mji mzima limekaa juu yake. Kwa ajili ya kilima hicho njia yetu ya zamani iliwaacha marubani juu mno, na mawingu ya Burrandool msimu wa mvua hayana adabu. Yanashuka mpaka karibu na mapaa.

Hivyo ndivyo tulivyompoteza Merv Oxenham, fundi wa kuchomelea vyuma. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara kama kila mwaka, na Merv akapatwa na mshtuko wa moyo. Ndege ya madaktari ikaja. Mji mzima tuliisikia juu yetu. Ikashuka mpaka kiwango chake, haikuona kitu, ikapanda. Ikajaribu tena, ikapanda tena. Aliyekuwa kwenye redio ni Narelle, na ndiye aliyempa rubani ruhusa ya kurudi alikotoka. Merv alikata roho kwenye kochi lake huku mlio wa ndege ukififia.

Mjane wake, Beryl, aliambiwa na watu wasio na kazi kwamba yule Tuckett ndiye aliyeifukuza ndege. Tangu siku hiyo hakumsemesha. Wakikutana dukani alimpita kama anavyolipita friji la maziwa.

Narelle hakujitetea. Kiangazi kizima alichora njia mpya, inayoingia kutoka upande wa mto na kupita ubavuni mwa kilima, ili rubani aweze kushuka chini zaidi. Alipanda kilimani na wapimaji, wakapima tangi, wakapima ngazi yake, wakapima kila mkaratusi na kuuongezea urefu utakaoota. Makao makuu waliurudisha mchoro, naye akawarudishia pamoja na maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwishowe wakakubali kwa sharti moja: ndege ya majaribio ije iiruke hiyo njia kabla ya mvua. Ndege hiyo huzunguka nchi nzima. Ukiikosa, unaisubiri mpaka mwaka unaofuata, na msimu mzima wa mvua ungepita tena huku tukiomba Mungu mtu asiugue.

Ilikuja asubuhi moja ya Desemba, joto la kuivisha yai kwenye boneti ya gari. Rubani wake, Kapteni Prowse, aliingia kutoka mtoni, akapinda, akashuka vizuri kabisa. Narelle akaanza kunitazama kwa lile jicho lake la "unaona?" Kisha redio ikalia.

"Burrandool, hii nguzo yenye nyota juu ya tangi ni ya nani?"

Narelle akaweka kikombe chini. "Nyota gani?"

"Kubwa, ya bati. Inanimulika machoni. Kwenye mchoro wako haimo."

Hapo nikacheka, halafu nikaacha. Kila mwanzo wa Desemba watu wa Burrandool hupanda Kilima cha Tangi, wakachoma soseji, wakanywa bia, wakasimika nyota ya Krismasi juu ya tangi. Merv ndiye aliyeiunda zamani hizo. Na mwaka huo, kwa heshima yake, Beryl aliagiza nguzo irefushwe ili nyota ionekane mpaka kwenye mashamba ya ng'ombe ng'ambo ya mto. Wapimaji walikuja Julai. Nani anaikumbuka Krismasi Julai?

"Col," Narelle akaniambia, "mimi ni mjinga."

"Leo ndiyo umejua?"

"Kamba niliishika mwenyewe, Col! Wakati wanaipandisha, mimi nimeshika kamba, naimba na kuimba!"

Nyani haoni kundule. Mwanamke huyu alikuwa anaweza kukuonyesha kosa la kidole kimoja kwenye mchoro wa mwenzake.

Prowse hakuwa mtu mbaya, ila kanuni ni kanuni. "Ikibaki hapo itabidi nipandishe kiwango," akasema, "na nikikipandisha, njia yako haina tofauti na ile ya zamani. Natua, najaza mafuta, nakula pai. Jioni naondoka. Ukinisafishia kilima kabla ya hapo, nitaruka mara ya pili."

Nikamwambia Narelle tuchukue askari wawili tukaing'oe, tutaomba radhi baadaye.

"Nyota ya marehemu? Niende kama mwizi? Thubutu!"

Tukaenda kwa Beryl. Tulimkuta barazani anakanda pudingi ya Krismasi, unga mpaka kwenye viwiko. Akanitazama mimi tu.

"Col, huyo uliyekuja naye anataka nini?"

"Si huyu hapa? Muulize mwenyewe."

"Simuoni."

Narelle akavua kofia. "Mama Oxenham, nimekuja kukuomba uishushe nyota ya Merv."

Kisha Beryl akageuka mzima mzima.

"Una uso mkavu wewe! Ndege ulinifukuzia, sasa unaitaka na nyota?"

"Sikuifukuza. Kilima ndicho kilichoizuia. Rubani angeshuka zaidi ya pale angekigonga, wangekufa wote, na Merv asingepona." Akaikunja kofia mkononi. "Nilikuwa naiona kwenye rada, iko hapa hapa juu yenu, na siwezi kuishusha. Tangu siku ile nachora njia ya kupita pembeni. Nimeipata, Mama. Imebaki kuzuiwa na kitu kimoja tu, na mimi mwenyewe nilisaidia kukiweka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, na udongo wa kaburi bado mbichi? Kwamba ni kosa la kilima? Nilitaka nije na njia mkononi."

Beryl alijifuta unga taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mdomo wote huo," akasema, "na neno moja la maana ndilo unalolinyamazia." Akaingia ndani. Nilidhani ametufungia mlango. Akatoka na spana ya Merv.

"Col, usisimame hapo kama mlingoti. Lete gari."

Halmashauri ya mji walitoa lile gari lenye kikapu cha kutengenezea taa za barabarani. Beryl hakukubali mtu mwingine azifungue nati. Bibi wa miaka zaidi ya sabini akapanda kikapuni na aproni yake, akazitukana zile nati moja baada ya nyingine, nyingine kwa jina la mumewe. Chini Narelle alishika kamba, jasho likimchuruzika.

"Taratibu, mwanangu!" Beryl akapiga kelele kutoka juu. "Ukiiangusha, nakuangusha na wewe!"

Mwanangu. Niliona Narelle ameinamisha uso, anajifanya anakaza fundo.

Nyota na nguzo yake zilipofika chini, ndege ya Prowse ilikuwa tayari inaunguruma. Akapita mtoni, akapinda, akapita ubavuni mwa kilima huku sisi tumesimama pale pale tumeziba masikio. Redio ya mkononi ikasema, "Burrandool, kilima safi, njia safi. Natia sahihi." Narelle alirusha kofia juu, ikaangukia upande wa pili wa tangi, na hakuifuata. Nyota tukaihamishia kwenye paa la baa, mbali na njia, baada ya yeye kuipima mara mbili.

Februari mto ulivunja kingo. Barabara ikapotea. Kijana mmoja mchunga ng'ombe akapigwa teke na farasi, tumbo likavimba, na muuguzi akasema anavuja damu ndani, asipofanyiwa upasuaji haioni kesho. Ndege ya madaktari ikaitwa. Narelle alikuwa mnarani. Mimi sikuwa zamu, nilikuwa kwenye uzio wa uwanja na nusu ya mji, mvua ikitupiga, Beryl ubavuni mwangu. Kilima cha Tangi kilikuwa kimemezwa na wingu. Hata baa huioni.

Tukausikia mlio. Beryl alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma, na mlio ukawa unakua, unakua, ukafika pale ambapo siku ya Merv ulianza kupanda. Haukupanda. Taa zikachomoza chini ya wingu, halafu matairi, halafu ndege nzima, imenyooka na njia ya kurukia, ikagusa lami na kurusha maji pande zote. Nimeziona ndege zikitua maisha yangu yote. Siku hiyo nililia mbele za watu na sioni haya kusema.

Walimpakia kijana, wakaondoka naye akiwa hai. Ndipo Narelle akashuka mnarani, amelowa, na Beryl akamwendea moja kwa moja.

"Niambie kweli. Mawingu ya leo na ya siku ya Merv, yapi yalikuwa chini zaidi?"

"Ya leo, Mama. Ya leo yako chini zaidi."

Beryl alisimama akiangalia lile wingu, mvua ikimtiririka usoni. Kisha akaukamata mkono wa Narelle akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda, akapaza sauti, "Tumekiweza kilima!" na uzio mzima ukaitikia.