Misima hadi Ndola: Jinsi Nilivyopata Watani Ugenini

Mtu wa kwanza wa Misima kufanya kazi ya vyumba vya baridi katika nchi ya nje ni mimi. Anayebisha aende akaulize. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu niliilipia mwenyewe, kwa mahindi niliyoyalima na mkaa niliouchoma, na nilipohitimu sikukaa barazani kusubiri ajira. Nilifungua kibanda Chanika, mjini Handeni, nikawa natengeneza friji za maduka. Lakini friji ya soda itabaki kuwa friji ya soda. Mimi nilitaka mitambo mikubwa, ile ya kugandisha nyama ya mnada mzima, na hapa kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Ndipo mwalimu wangu wa chuo akaniambia kuwa kampuni moja ya Ndola, Zambia, inatafuta mafundi. Sharti lilikuwa miezi mitatu ya majaribio. Fundi mkuu akikukubali, kampuni inakuombea kibali cha kazi. Akikukataa, unapanda basi unarudi kwenu.

Vijana wengi huniuliza mtu atarajie nini anapohamia nchi nyingine. Huwa nawasimulia safari hii.

Misima, asubuhi ya kuondoka. Ua ulijaa watu. Bibi mzaa baba, akiwa amekaa mkekani, alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Mume wangu, unaniacha na nani?"

"Nakwenda kukutafutia mke mwenza anayejua kupika."

"Mlete, atanichotea maji. Wewe hata ndoo moja ilikushinda."

Watu wakacheka, mpaka mama ambaye alikuwa analia tangu alfajiri. Baba hakucheka. Alinivuta pembeni, nyuma ya banda la mbuzi.

"Athumani, umeaga mpaka msikitini. Kila mtu anajua unakwenda kuwa fundi wa mitambo mikubwa. Ukirudi baada ya miezi mitatu, wewe utajificha Chanika. Mimi nitakuwa hapa hapa, naulizwa."

"Sirudi baada ya miezi mitatu, baba."

"Haya. Mungu akusikie."

Korogwe, mchana. Nilikwenda kulisubiri huko basi la Arusha kwenda Tunduma. Nikiwa nasubiri nilikaa dukani kwa Hiza, Msambaa niliyesoma naye, ambaye anauza vipuri karibu na stendi. Hiza aliwahi kufanya kazi Msumbiji, basi siku hiyo alijiona profesa wa ugenini.

"Ukifika funga mdomo," akasema. "Salimia, fanya kazi, kula, lala. Usimtanie mtu."

"Wasambaa mmeshuka mlimani juzi tu, leo mnatufundisha safari?"

"Tulishuka kuwaletea mboga. Kwenu huko inaota miiba peke yake."

Nikacheka, nikanywa soda yake bila kulipa, nikapanda basi.

Mbeya tulipita na baridi iliyonifanya nivae mashati yangu yote kwa pamoja. Ukienda njia hiyo beba sweta, usiwe mbishi. Tunduma nilivuka mpaka kwa miguu, begi moja mgongoni na jingine kichwani. Upande wa pili, Nakonde, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na wanaposema saa mbili wanahesabu tangu usiku wa manane. Rekebisha saa yako na kichwa chako pia. Pale Nakonde Kiswahili bado kipo. Baada ya hapo, Isoka, Mpika, Serenje, kikawa kinapungua kama maji ya lambo wakati wa kiangazi. Kufika Kapiri Mposhi nilikuwa nimebaki na Kiingereza cha chuo na tabasamu.

Ndola. Jambo la kwanza la kutarajia ni hili: hakuna anayekujua. Chanika nilikuwa Fundi Athumani. Ndola niliitwa Tanzania, kana kwamba nimebeba nchi nzima. Stashahada yangu waliitazama, wakairudisha ndani ya bahasha, wakanipa fagio. Sikununa. Niliifagia karakana ile jinsi ambavyo haikuwahi kufagiwa. Ugali wao wanauita nshima, mlaini kuliko wetu, na unazoeleka haraka. Mbele ya mkubwa unainama kidogo huku unapiga makofi taratibu. Shikamoo ilikuwa inanijia mdomoni kila mara, nikawa naimeza.

Fundi mkuu, yule wa kunikubali au kunikataa, alikuwa Mzee Mulenga, Mbemba mwenye sauti ya chini na jicho kali. Msaidizi wake alikuwa Jere, Mngoni wa mashariki ya nchi, mrefu, mdomo haupumziki. Kazini tulizungumza Kiingereza, nami hapa nayaweka maneno yao kwa Kiswahili.

Asubuhi yangu ya kwanza Jere aliingia akamkuta Mzee Mulenga amepiga magoti kando ya kompresa.

"Mbona uko kazini leo? Nyani wamekwisha porini?"

Nilishika fagio kwa nguvu. Nilijua mtu anafukuzwa kazi mbele yangu.

Mzee Mulenga hakuinua hata kichwa. "Wapo. Nimewaficha, maana nasikia wewe umemaliza panya wote."

Karakana ikacheka, na moyo wangu ukatulia. Kumbe ulikuwa utani. Wabemba wanaambiwa wanakula nyani, Wangoni wanaambiwa wanakula panya, na kazi inaendelea. Ni kama sisi Wazigua na Wanyamwezi: mtu anaweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe ukamkaribisha chakula.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Mzigua yeyote angelifanya. Utani nimezaliwa nao, nikadhani ninao kila mahali. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, Mzee Mulenga akiwa ameusifu uchomeleaji wangu wa mabomba ya shaba, nikaona sasa tumekuwa watu.

"Mzee," nikasema, "mkia wa nyani nao unaliwa, au mnawaachia wageni?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Mulenga aliweka tonge chini, akanawa mikono, akatoka.

"Tanzania," Jere akaniambia taratibu, "wewe ni nani kwake?"

"Si mnataniana humu?"

"Mimi ni Mngoni. Babu zangu na babu zake walipigana, wakachoka, wakaamua kuchekana. Babu yako alipigana na nani huku?"

Nikarudi kwenye mabomba yangu.

Tangu siku hiyo Mzee Mulenga alinisalimia, akanipa kazi, basi. Nami kazi niliifanya. Kulikuwa na chumba cha baridi cha bucha moja kilichokuwa kinapoteza gesi, kilikuwa kimewashinda mafundi wawili. Mimi nilifuata bomba mpaka lilipozama chini ya sakafu, nikavunja saruji mahali pamoja tu, na tundu likawa pale pale. Mzee Mulenga alikuja, akatazama, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Siku za majaribio zilikuwa zinakwisha. Nilipomuuliza Jere, alikuna kidevu.

"Hajasema chochote juu yako. Na mzee huyu, kutosema kwake ni kusema."

Kichwani nikamwona baba akisimamishwa na watu njiani Misima na kuulizwa habari za mwanawe.

Kisha mama yake Mzee Mulenga akafariki. Karakana ilifungwa, watu wakaenda msibani. Nilimuuliza Jere kama mimi niende.

"Nenda. Lakini mdomo wako uache nyumbani."

Msibani wanaume walikaa uani kuzunguka moto wa magogo, wanawake walikuwa ndani wakiimba nyimbo za kanisa. Jere aliingia akilia kuliko wafiwa wenyewe. "Mama umeniacha, sasa nani atanipikia nyani?" Akalala chini mbele ya mlango, akakataa kuondoka mpaka apewe kuku. Wafiwa wakacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Hayo yote nilikuwa nayajua. Kwetu pia watani hufanya hivyo, na wakimaliza kuchekesha hushika majembe, maana mfiwa hachimbi kaburi. Kwa hiyo vijana walipopanda pikapu na sururu zao kwenda makaburini, nami nikapanda. Hakuna aliyeniita.

Makaburini udongo wa juu ulikuwa mwekundu, mlaini, lakini chini yake kulikuwa na changarawe ngumu kama sufuria. Vijana wa mjini walikuwa wanapokezana kila baada ya kitambo kidogo. Mimi sikupokezana na mtu. Ardhi ya Misima ilishanifundisha namna ya kupiga sururu bila kuchoka, na nilichimba mpaka ukingo ukafika mabegani. Ndipo nikaona viatu vyeusi juu yangu. Mzee Mulenga alikuwa amekuja kukagua.

"Kwenu nani anachimba?"

"Watani, mzee."

"Na ndugu wa marehemu?"

"Wanakaa na msiba wao. Hawashiki jembe."

"Basi wewe umeingia humo kama nani?"

"Sijui, mzee. Nimeingia kwanza. Nilidhani jina litafuata."

Aligeuka, akaenda zake.

Siku aliyorudi kazini tulimpa pole kwa sauti za chini, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilikuwa na kikombe changu cha chai mezani. Alipofika hapo akasimama.

"Mtazameni huyu," akasema, karakana nzima ikasikia. "Katoka nchi ya wanywa chai, kachimba kutwa kama fuko, halafu anataka tumwachie mitambo."

Jere alikuwa ananiangalia, nyusi moja juu, nami nikaelewa kwamba hapo nilikuwa naulizwa, na kwamba safari hii ni mzee mwenyewe aliyefungua mlango wa utani.

"Mzee, bomba linatoboka chini ya sakafu. Fuko analiona. Nyani yuko juu ya mti, ataona nini?"

Mzee Mulenga akacheka, akacheka mpaka akashika meza, kicheko chake cha kwanza tangu amzike mama yake. Mchana ule ule alikwenda ofisini akawaambia Mtanzania abaki.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alikaa kimya siku zote zile.

"Kazi yako niliiona tangu wiki ya kwanza," akanijibu. "Nilikosa mahali pa kukuweka. Mtu usiyeweza kumtania, akikosea utamrekebishaje?"

Niliishi Ndola miaka mingi, na sitaki kuwachosha kwa mafanikio yangu, ingawa yapo. Niliishia kuongoza kikosi cha kufunga mitambo mikoani. Niliondoka kwa hiari yangu, zana zangu zikiwa zimejaza sehemu kubwa ya buti ya basi, nikapita tena Tunduma na Mbeya iliyo baridi, na safari hii sweta nilikuwa nalo. Leo nina karakana Chanika na chumba cha baridi ambacho wachinjaji na wauza machungwa wa wilaya hii wanakitegemea. Baba huwaleta wageni wake kukiona, anawafungulia mlango yeye mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi, tarajia kuwa cheti chako kitakufikisha getini. Tarajia fagio. Tarajia wiki za kukosa jina. Usikae kimya milele, lakini usijipe undugu usiopewa. Fanya kazi ya msiba kabla ya kuomba nafasi ya kucheka, na ukisikia mwenyeji amekutukana kwa sauti ya upole mbele ya watu, usikasirike, mjibu upesi.

Mwaka huu nimeajiri fundi kutoka Malawi, nchi inayogombania na yetu ziwa la mpakani, anaitwa Chisomo. Kiswahili anakijua cha kutosha. Wiki zake za kwanza alifanya kazi vizuri mno na hakusema kitu, anasalimia, anainama, anakula peke yake. Vijana wangu walimheshimu mpaka wakawa wanamwogopa. Asubuhi moja nilisimama mbele yake, wote wakisikia.

"Umelalaje, mwizi wa ziwa letu?"

Chisomo aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nimelala na kiu, mzee. Watu wa Handeni mnadai ziwa, na maji ya kunawa mnanunua kwa ndoo."

Nikajua huyu atakaa.