Mteremko wa Kivuli cha Mwenze

Lori la chumvi lilinishusha Nchelenge saa tisa alasiri. Sikumjua mtu, nikaelekea duka la kwanza, la Mama Matildah, linalotazama ziwa. Mwanamume mwembamba alikuwa juu ya ngazi, akifunga bomba la chuma ukutani.

"Usisimame hapo, monsieur. Mukono wa hiki kivuli ukifyatuka utakupiga kichwa."

Huyo alikuwa Mwenze, fundi wa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Ujanani alimfanyia kazi Mgiriki mmoja wa Lubumbashi aliyetengeneza vivuli vya kukunja vya maduka, vya turubai la kuzuia jua na mvua. Hiki kilikuwa chake mwenyewe cha kwanza. Turubai lilijiviringisha kwenye bomba. Mikono miwili, iliyokatwa kwenye fremu za baiskeli, ilikunjika kiwikoni kama ya binadamu, na ndani ya kila mmoja springi iliusukuma nje ili turubai likaze. Ukizungusha kishikio, vyote vinarudi ukutani. Nilikizungusha mara nne kwa raha tu.

Kama kingevumilia mvua ya kwanza, majirani watatu wangetaka vyao. Naye Mwenze alikuwa amewaambia ndugu zake Pweto kwamba hatabeba tena samaki wa watu kichwani.

Jioni hiyo wachuuzi walifika na beseni zao kichwani, na ukingo wa turubai ukagonga ya kwanza. Matildah akatoka dukani.

"Fundi, huko Lubumbashi bamama habana vichwa?"

Wanawake wakacheka.

"Inua, baba. Watu wapite," Matildah akaongeza.

Mwenze aliitazama chupa ya maji aliyoilaza juu ya mkono kupima mteremko wa kumwaga mvua. Akainua ukingo shubiri mbili. Maji ndani ya chupa yakalala karibu sawasawa. Akaniuliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kama mteremko ule ulitosha. Niliona kwamba hautoshi. Nikasema unatosha, maana wanawake walikuwa wakitungojea.

"Iko bien, mama," akamwambia Matildah.

Mvua ilikuja siku ya tatu. Maji hayakuteremka, yalikusanyika katikati, turubai likaota tumbo. Mwenze alikimbia na ufito kulisukuma kwa chini, lakini alichelewa. Kiwiko cha kushoto kilivunjika, na vyote vikaangukia beseni ya Chilufya, mchuuzi wa samaki kutoka Kafutuma. Hakumtukana. Aliokota samaki wake kwenye tope, mmoja mmoja, akimpangusa kila mmoja kwa kitenge, na Mwenze akabaki amesimama na ufito wake.

"Ulijua?" Matildah akamuuliza.

"Nilijua, mama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulisema inua, mbele ya batu. Fundi atasema hawezi?"

"Angesema tu. Ningewaambia bamama wainame."

Nilikuwa pale, kando ya mlango. Sikusema kwamba aliniuliza. Mwenze naye hakunitaja.

Asubuhi alifungua mikono yote miwili, akaipanga ukutani, akampa Matildah springi zifae kwa kitu kingine. Mtumbwi wa injini wa kwenda Pweto haukuwa na nafasi ya abiria, ila ya wapagazi tu. Akachukua gunia la samaki wakavu la mfanyabiashara fulani, akalitwika kichwani.

Alipopita mbele ya duka, chini ya bomba tupu, aliinama, ingawa hapakuwa na kitu cha kumgusa. Akateremka ufukweni bila kugeuka. Nilibaki barazani, kishikio alichokiacha kiko mkononi mwangu, hadi Matildah aliponiomba nimpishe afagie.