Shikamoo Aliyonipa Mama

Shule ya usiku ilinipa cheti kimoja na sauti mbili: yangu, na ya Bibi Zuwena, kizee niliyemwigiza kuchekesha darasa. Mashindano ya vichekesho ya televisheni yalipofika Maskati, niliingia kama yeye, nimevaa baibui, miwani, na makalio ya mito yenye kutosha kukalisha wageni wanne. Mama nilimwambia niko zamu ghalani Rusayl.

Nikafika fainali. Jaji, Muomani wa Unguja kama mimi, akauliza swali letu la kila siku:

"Bibi, wewe mtoto wa nani?"

Nikaropoka jina la babu mzaa mama: "Wa Salum Kofia, wa Malindi ya Unguja!"

Ukumbi ukacheka mpaka taa zikatikisika. Kumbe mama alikuwa akitazama nyumbani Al Hail. Kura hazijahesabiwa, huyo kaingia mbio na machozi, kapanda jukwaani mbele ya kamera.

"Dada! Kumbe baba alikuwa na mke wa siri! Shikamoo, dada yangu!"

Na mimi, kwa mazoea ya Bibi Zuwena, nikaitika kwa madaha: "Marahaba, mwanangu."

Mama akanibusu mkono. Akaugeuza. Akaliona kovu langu la utotoni.

"Saidi! Nnakuamkia mimi mamako, nawe waitikia?"

Nikavua miwani. Mama akampokonya jaji kipaza sauti.

"Enhe, mwanangu huyu, nimemzaa mwenyewe! Haya, mpigieni kura!"

Ukumbi mzima ukasimama.